Bamba la Mjerumani

Kambi ya Ziwa Chala, Rombo
20 Januari 2025

Shangazi Bernadetha,

Shikamoo. Usishtuke kupata barua ya karatasi kama za enzi zenu za kuchumbiana. Simu yangu iko kwenye sanduku la chuma getini, pamoja na simu za watu wote wa hapa, kuanzia staa mwenyewe mpaka mpishi. Wanaogopa picha zisivuje kabla filamu haijatoka. Nikitaka kukupigia lazima niombe ruhusa, kisha nizungumze mlinzi akiwa amesimama pembeni, na mambo ya kwetu siwezi kuyasema mbele ya mlinzi. Bahati nzuri Basili, yule anayepeleka ndizi soko la Tarakea, ndiye anayeuza ndizi jikoni kwetu. Amekubali kuwa posta yetu.

Kazi ndiyo ile niliyokueleza wakati wa Krismasi: kuzeesha vitu. Filamu inahusu watu wanaotafuta hazina ya Mjerumani chini ya maji. Kuna wazamiaji wema, kuna wazamiaji wabaya, kuna boti zinazokimbizana na bunduki zisizo na risasi. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, nimetia sahihi. Mimi napewa kitu kipya, natakiwa kukirudisha kikiwa na umri wa miaka mia na ushee: makufuli, visu, sarafu, sanduku. Nimewafundisha wenzangu wa Dar siri ya nyumbani, kwamba hakuna kinachozeesha chuma kama samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na maganda ya kahawa. Walinicheka. Sasa wamenunua samadi lori zima.

Ziwa lenyewe liko chini kabisa, ndani ya shimo la mlima, na kuta za mawe zimesimama pande zote. Ng'ambo ni Kenya. Maji yana rangi ya bluu asubuhi, mchana yanageuka kijani, na hakuna anayeweza kunieleza kwa nini. Staa wetu hajui kuogelea. Anayezama badala yake ni Kindness, binti wa Kahe, aliyejifunzia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga huku babu yake akimfukuza kwa fimbo. Anavaa wigi la staa, anashuka, anakaa huko chini mpaka sisi tulio juu tunaanza kusali.

Niambie ukweli kuhusu baba. Bado anakaa kwenye kile kiti cha mlangoni? Tangu tumzike mama sijamsikia akimwita hata ng'ombe kwa jina. Krismasi nzima nilizungumza na mgongo wake. Naogopa, Shangazi. Naogopa siku moja Basili ataniletea barua ya kuniita nije kumzika na yeye.

Mwanao,
Hilaria


Kibosho
26 Januari 2025

Hilaria mwanangu,

Marahaba. Na barua zetu za uchumba zimekukosea nini? Marehemu bwana wangu aliniandikia nne tu, na ya nne ilikuwa ya kunidai baiskeli yake.

Nimeisoma yako mara tatu na sijashiba. Mtu akilia chini ya maji, machozi yanaonekana? Hilo sanduku mnalizamisha likiwa na nini ndani, mawe? Likikwama chini, nani analifuata? Huyo Kindness anajua kwamba kuna watu wanaosema ziwa hilo lina mamba? Na mwisho wa yote hazina wanaipata au hawaipati? Hilo la mwisho nijibu kwanza, mengine yanaweza kusubiri.

Sasa kaa chini nikuambie. Baba yako ameinuka.

Jumanne nilimpelekea mtori kama kawaida yangu, nikakuta kiti kitupu. Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikipiga kelele, nikamkuta nyuma ya zizi, ameshika jembe, yuko ndani ya shimo lililomfika magotini. Nikamuuliza, "Valerian, unafanya nini?" Akasema anatayarisha mashimo ya migomba mipya kabla ya mvua za masika. Alikula mtori akiwa amesimama. Halafu akaomba mwingine, Hilaria. Miezi saba nimekuwa nikimbembeleza kama mtoto anayeota meno, leo ananiomba wa pili!

Tangu siku hiyo anachimba. Barua yako alitaka nimsomee. Nikasoma. Akasema nirudie pale penye mlinzi. Nikarudia. Akaniambia nikuulize walinzi wako wangapi, na wana silaha au hawana. Nikamwambia, "Valerian, ni filamu tu." Akajibu, "Ndiyo, ndiyo, filamu," akatabasamu, na lile tabasamu sijaliona tangu mama yako Monica alipokuwa hai.

Basi mjibu mzee wako, na mimi unijibu.

Shangazi yako,
Bernadetha


Kambi ya Chala
2 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo tena, na asante mpaka nashindwa. Nilisoma barua yako jikoni, nikalia mbele ya wapishi, wakadhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, baba yangu anachimba mashimo. Wakatazamana.

Mwambie mashimo yasibanane. Mama alikuwa akigomba kila mwaka kwamba wanaume wa ukoo huu wanapanda migomba kana kwamba ardhi inaisha kesho.

Maswali yako sasa. Machozi chini ya maji hayaonekani hata kidogo. Kindness anashuka na kukunja uso, halafu staa analia nchi kavu kwa dawa ya kudondosha machoni, na watu wa kompyuta wanaunganisha. Sanduku lina vipande vya risasi, ile madini nzito, ndani ili lizame, na sarafu za juu ni bati jepesi nililopaka rangi. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vinavyozama pia. Likikwama analifuata Kindness. Nilimuuliza kuhusu mamba, akasema mamba wa Kahe ndio wa kuogopwa, hawa wa huku kwa baridi hii watakuwa wamelala.

Mwambie baba walinzi ni wengi, sijawahesabu. Wawili wana mbwa. Asiwe na wasiwasi, tunalindwa vizuri. Kuna mpaka boti inayokokota mashine ya kutazama chini ya ziwa, inachora sakafu yote kwenye kioo, mabonde na mawe. Mwongozaji wa filamu ni Mzungu mmoja mrefu, anakaa mbele ya kile kioo kutwa nzima na hataki kusemeshwa.

Mwisho wa filamu siwezi kukuambia, hata ukinitumia kibuyu cha pombe ya mbege. Naweza kusema hivi tu: kuna kitu kimoja ambacho ndicho moyo wa hadithi yote. Wema na wabaya wote wanakigombania. Nimekitengeneza kwa mikono yangu, kikitoka mikononi mwangu kinafungiwa kwenye kabati lenye funguo mbili. Hicho hata kukitaja siruhusiwi.

Nina furaha, Shangazi. Mbusu baba, hata akikataa.

Hilaria


Kibosho
9 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Funga mlango kwanza ndipo usome. Baba yako ameniapisha nisikuandikie haya, na sasa hivi amekwenda kunoa sururu, kwa hiyo nina nafasi.

Hakuna migomba. Nilikuwa nimeshaanza kushangaa, maana huwezi kuchimba mashimo mengi hivyo na usilete hata chipukizi moja. Jana nilimbana mpaka akanionyesha.

Mwezi uliopita, alipokwenda kumtupia ng'ombe majani, mguu wake ulikanyaga kitu kigumu kwenye samadi iliyosogezwa kando. Akafukua. Ni bamba la chuma, Hilaria, limeliwa na kutu. Juu lina ndege mwenye mabawa yaliyokunjuliwa, yule ndege wa Mjerumani. Chini yake kuna maneno ya Kijerumani. Na chini kabisa kuna alama nne zimefuatana: maji, mti, jiwe, msalaba.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Kila ukoo una habari zake za Mjerumani, alivyokimbia Mwingereza alipokaribia, mizigo ikapandishwa mlimani na wapagazi wasirudi kusimulia. Baba yetu alikuwa akitusimulia hayo tukikoka moto, nasi tukimcheka chinichini. Sasa baba yako anasema aliyekuwa anacheka ni mjinga.

Tena hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Anasema huko kwenu hakuna filamu. Ni kisingizio. Aliniuliza, "Berna, filamu gani inanyang'anya watu simu? Filamu gani ina walinzi wenye mbwa? Mtu anayecheza sinema anatafuta nini na mashine ya kutazama chini ya ziwa?" Anasema hao Wazungu wanaijua habari ya hazina ila hawajui mahali. Wanahangaika majini kumbe yenyewe ilipandishwa huku, kwenye kihamba chetu hiki cha migomba.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaikumbuka barua yako, yenye mashine, na Mzungu asiyetaka kusemeshwa, na kitu kilichofungiwa kwa funguo mbili ambacho hata jina lake hutaji. Kicheko kikakatika. Lisemwalo lipo, mwanangu. Wewe hao watu unawajua kweli? Umewahi kuona hata filamu moja waliyoitengeneza? Usimwambie mtu yeyote kwenu ni wapi.

Anakula vizuri. Amenyoa ndevu.

Shangazi


Kambi ya Chala
12 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Lile bamba ni langu!

Nililitengeneza mimi. Nyuma ya stoo, siku zile za Krismasi, ulipokuwa ukiniuliza nagonga nini. Ndicho kile kitu nisichoruhusiwa kukitaja. Nililifukia kwenye samadi ili lishike kutu, na nilipokwenda kulitoa nikakuta lundo limesogezwa. Nilitafuta mpaka mikono ikavimba. Nikadhani limeshakwenda shambani na mbolea, nikakata tamaa, nikatengeneza lingine, na hilo la pili ndilo lililoko huku.

Yule ndege nimemchora kutoka kwenye picha ya sarafu ya zamani. Yale maneno ya Kijerumani nimeyanakili kwenye karatasi ya maelekezo ya cherehani. Yanasema utie mafuta kabla ya kushona. Hakuna hazina, Shangazi, hakuna hata shilingi.

Kwa kukuandikia haya nimeshavunja sahihi yangu. Wakijua, kesho niko barabarani na begi. Lakini ni baba yangu, siwezi kumwacha achimbe kihamba chote kwa ajili ya karatasi ya cherehani. Mwambie leo hii. Mwambie polepole. Ninaogopa atarudi kwenye kile kiti, naogopa mno, ila mwambie.

Hilaria


Kibosho
18 Februari 2025

Hilaria mwanangu,

Marahaba. Nianze na langu. Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa chini ya godoro. Nilikuwa namwona anavyokula, anavyomwita ng'ombe kwa jina, anavyosalimia watu barabarani, nikawa najiambia, kesho. Ungekuwa wewe ungeharakisha? Mimi nilishindwa.

Jana nikamwambia. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. "Wamemfundisha aseme hivyo! Wamemfanya mtoto atie sahihi, sasa ulitegemea atasema nini?" Nikamwambia habari ya cherehani. Akafuta machozi ya kicheko akasema, "Kwani Mjerumani mjinga? Angeandika hapa kuna dhahabu? Ameandika mafuta!" Nikamwambia uko na bamba lingine huko linalofanana na hilo. Ndiyo kabisa nikawa nimetia petroli kwenye moto. Akasema wamelipata la kwao, hili ni la pili yake, na ndiyo maana wanakutumia wewe kumdanganya.

Kila neno lako la kweli analigeuza kuwa ushahidi wake. Na nikwambie siri, kulikuwa na dakika nzima ambayo na mimi nilimwamini.

Lakini sasa sicheki tena, nisikilize. Ameshapata maana ya zile alama. Maji anasema ni pale mfereji wetu wa mfongo unapoingia kihambani. Mti ni mringaringa wetu. Jiwe ni lile la kunolea mapanga. Na msalaba, Hilaria, ukitoka kwenye lile jiwe kuna msalaba mmoja tu, wa mama yako. Amevuta kamba tena na tena, kila mara inaishia kwenye majani ya masale tuliyopanda kwenye kaburi la Monica.

Anasema tulimzika mkewe juu ya hazina bila kujua. Anasema Monica mwenyewe angecheka, angesema nisogezeni mchimbe. Jumatatu ijayo, baada ya Misa ya Jumapili, anataka kung'oa masale yale na kufukua. Katekista amekuja kumsihi, amemkaribisha chai akamsindikiza mpaka barabarani. Baba yako mkubwa Wenseslaus, ambaye tangu wagombane siku ya matanga ya Monica hakuwahi kukanyaga hapa, jana alikuja na fimbo. Alisema, "Siku utakayogusa masale hayo usiniite kaka, na mtoto wangu hatabeba jeneza lako." Baba yako akamjibu kwamba watakaombeba atawalipa dhahabu.

Usingizi sina. Mtu anayefukua kaburi la mkewe hana mahali pa kurudi, si kwa ndugu, si kanisani, na siku akijua hakuna kitu chini yake isipokuwa yule mama aliyelala, hatabaki mzima. Mimi maneno yameniishia. Wewe ndiye uliyemtengeneza Mjerumani huyu, fanya kitu.

Shangazi yako


Kambi ya Chala
20 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimemwambia Basili aitie mkononi mwako. Isome mwenyewe, hata kama utachukua muda.

Sitabishana nawe. Kama wamenifundisha kusema, basi wamenifundisha. Nakuomba jambo moja tu kabla ya Jumatatu. Chukua kisu chenye makali, uligeuze bamba. Nyuma kweusi. Wewe unadhani ni kutu ya miaka mia, lakini ni lami niliyoichanganya na majivu na udongo wa mfongo. Anzia kwenye kona. Kwangua polepole, lami ya juu itoke bila kuumiza kilichopo chini.

Utaona kwanza mstari wa bluu. Halafu utaona maua mekundu.

Ni sinia la mama, Baba. Lile la maua alilokuwa akiwapakulia wageni. Nililikuta nyuma ya stoo limetoboka, limewekewa mahindi ya kuku. Nilihitaji chuma kilichoshikwa na watu miaka mingi, maana chuma kipya hata ukikifukia kwenye samadi mwaka mzima bado kinaonekana kipya. Nilitaka kukuomba. Nilikuja mlangoni, nikakuita mara mbili, hukugeuka. Nikalitia motoni, nikaligonga, nikalikata vipande viwili. Kimoja ndicho ulichonacho. Sikukuomba ruhusa, na leo naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu zile alama. Hapa waliniambia nichore alama zozote zile, haikuwahusu zinaelekea wapi. Nilikaa na patasi nikashindwa kubuni njia. Likizo ile yote kila jioni nilikuwa nakwenda kwenye mfongo kuteka maji, napita kwenye mringaringa, napumzika kwenye jiwe, namwagilia maua ya kaburi la mama. Miguu yangu haikujua njia nyingine. Kwa hiyo wewe umesoma sawasawa, Baba. Katika watu wote waliolitazama bamba lile, hapa wote wenye elimu zao, ni wewe peke yako uliyelisoma sawasawa. Linaelekea kwa mama. Hakuna kingine pale zaidi ya yeye, na mimi nakuomba usimwamshe.

Kipande cha pili, nilichotengenezea lile bamba lingine, nacho kimeondoka. Jana tulipiga picha ya mwisho. Mwambie Shangazi aache kuniuliza, filamu inaisha hivi: yule dada anayeigizwa na staa wetu analitupa bamba ziwani ili watu waache kuuana. Tulikuwa tumetandika wavu chini ya maji wa kulidaka, likapita pembeni. Kindness aliliona limelala kwenye ukingo wa mwamba chini kabisa. Alitaka kulifuata, mwongozaji akasema liachwe, kazi imeisha. Jumamosi ya wiki ijayo tunafunga kambi.

Nisamehe. Na usirudi kwenye kiti, Baba. Nikasirikie ukitaka, nipige nikija, ila usirudi kwenye kile kiti.

Mwanao,
Hilaria


Kibosho
24 Februari 2025

Hilaria,

Marahaba.

Barua yako ilinifika Jumamosi nikataka kuiwashia moto. Nilijua ni mafundisho yaleyale, safari hii wameongeza machozi. Niliitia mfukoni tu kwa sababu ni mwandiko wako.

Leo asubuhi nilikwenda na sururu. Nikamkuta kaka Wenseslaus amekaa pembeni ya kaburi la mama yako, amevaa koti lake la Jumapili, fimbo magotini. Hakunisalimia. Mimi pia sikumsalimia. Nilikaa kwenye jiwe la kunolea, nikatoa kisu, nikamwambia, "Subiri nikuonyeshe jinsi Wazungu wanavyowadanganya watoto wetu, halafu utanipisha."

Nikaanza kukwangua. Lami uliyoipaka ni nyingi mno, umeharibu mali. Nilikwangua mpaka jasho likanitoka. Ukaja mstari wa bluu. Nikasema labda Mjerumani naye alipenda bluu. Nikaendelea. Likaja jani, halafu ua moja, na ua lenyewe lina pengo pembeni, pale lilipobanduka siku mama yako aliponirushia sinia hilo kwa sababu nilirudi na mguu mmoja tu wa mbuzi wakati yeye alikuwa ameahidi wageni mbuzi mzima. Pengo lile ninalijua. Lilipita karibu na sikio langu.

Kaka aliniuliza nimeona nini. Akaja mwenyewe, akainama akatazama. Akasema, "Si ndilo alilonipakulia kiburu cha ndizi siku ile ya zamani nilipokuja kukutukana?" Nikamwambia ndilo. Akasema siku hiyo alikuja na matusi mengi akaondoka ameshiba. Basi, tulilia, wazee wawili, na shangazi yako akatukuta hivyo akadhani tumeshafukua. Alipiga yowe lililoita kijiji kizima, na sasa watu wamejaa hapa wanataka kuliona ua.

Nimemkumbuka mama yako leo. Miezi yote ile nimekaa kwenye kiti nikidhani namkumbuka, kumbe nilikuwa nimekaa tu. Masale sijayagusa. Mashimo nitayafukia, na kaka anasema atanisaidia, ingawa anachimba ovyo.

Sasa sikiliza, maana nina hasira na wewe. Sinia la mke wangu halikatwi bila mimi kuambiwa, hata kama nimegeuza mgongo, hata kama limewekewa mahindi ya kuku. Hilo tutazungumza ukija. Lakini nina hasira zaidi na huyo Mzungu wako. Liachwe! Yeye ni nani wa kusema liachwe? Alikula na nani juu yake, alilinunua sokoni na nani, alirushiwa na nani? Nusu iko hapa mezani mbele yangu, nimeiosha, inang'aa. Nusu nyingine iko chini ya maji ya watu na mnataka kufunga kambi mwende zenu.

Basili anaondoka sasa hivi na barua hii. Keshokutwa anarudi huko na mimi niko juu ya ndizi zake. Kaka Wenseslaus anakuja pia, anasema haniamini nikiwa peke yangu mbele ya Wazungu. Mwambie mlinzi wa getini jina langu ni Valerian, simu sina, anipekue akitaka, na mbwa wake awafunge. Na huyo binti wa Kahe mwambie asikaushe nywele.

Baba yako,
Valerian